Biolojia na Kompyuta: Somo kwa Wanafunzi Wetu

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja kwa ajili ya muhula huu. Nimechagua jambo ambalo wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne wameniuliza mara nyingi: Je, mtu anayesoma Biolojia ana haja gani ya kujifunza kuandika programu za kompyuta? Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya mafundi wa mijini, na kwamba mwanabiolojia ni mtu wa darubini, majani, mende na panzi. Nitajaribu kuwajibu kwa mifano ya hapa kwetu Mbulu na Hanang, kisha nitatoa somo lenyewe, ili kila awezaye kupata kompyuta au simu kwa saa moja ajaribu kwa mikono yake.

Programu ni nini?

Programu ni orodha ya amri zilizopangwa kwa taratibu, ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja. Mama akimtuma mtoto mashineni humwambia: chukua debe la mahindi, nenda mashineni, ngoja zamu yako, lipa, rudi na unga. Maagizo hayo ni programu. Lakini mtoto akikuta mashine imefungwa, hutumia akili yake, akaenda mashine nyingine. Kompyuta haina akili ya namna hiyo. Hutenda lile uliloliandika, hata kama moyoni ulitaka jingine. Kwa hiyo anayeandika programu hana budi kufikiri kila hatua mpaka mwisho kabla ya kuagiza, na tabia hiyo ndiyo tunayoitaka kwa kila mwanafunzi wa sayansi.

Kwa nini mwanabiolojia aihitaji?

Sababu ya kwanza ni wingi wa vipimo. Darasa langu lilipanda maharage katika shamba la shule, kitalu kimoja kwa samadi ya ng'ombe na kingine bila samadi. Miche yote ilikuwa 240, nasi tuliipima urefu kila wiki kwa muda wa wiki 8. Zidisha, utapata vipimo 1,920. Wanafunzi walikaa alasiri mbili wakitafuta wastani wa kila kitalu kwa kila wiki, na vikundi viwili vilipolinganisha majibu, hayakupatana. Tuliviingiza vipimo vilevile katika kompyuta, tukaandika mistari michache, na wastani zote 16 zikatokea mara moja. Zaidi ya hayo, tulipotaka kuondoa miche iliyoliwa na panya, tulibadili mstari mmoja tu, na hesabu yote ikarudiwa yenyewe.

Sababu ya pili ni kwamba kazi inaweza kukaguliwa. Mtu akihesabu kwa kichwa, hatuwezi kuiona njia aliyopita. Lakini programu imeandikwa. Mwingine aweza kuisoma, akaitumia kwa vipimo vilevile, akaona kama atapata jibu lilelile. Sayansi isiyoweza kukaguliwa ni maneno matupu.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani alikuwako mwanamke mmoja, Margaret Dayhoff, mtaalamu wa kemia aliyejifunza kuitumia kompyuta zama zile ilipokuwa mtambo wa kujaza chumba. Mwaka 1965 yeye na wenzake walitoa kitabu chenye mpangilio wa protini 65, ambazo zililinganishwa ili kuonyesha udugu wa viumbe. Leo orodha za namna hiyo zina mamilioni ya protini, wala hakuna mtu awezaye kuzisoma kwa macho.

Mfano wa Haydom

Wasomaji wetu wote wanaifahamu Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika Wilaya ya Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955. Kuanzia mwaka 2009 Haydom ilikuwa mahali pamoja kati ya mahali panane duniani palipofanyiwa utafiti mkubwa wa watoto wachanga, ujulikanao kwa jina la MAL-ED. Nchi nyingine zilikuwa Bangladesh, Brazil, India, Nepal, Pakistan, Peru na Afrika Kusini. Swali lilikuwa hili: Kwa nini watoto wengi katika nchi maskini hubaki wafupi kuliko umri wao, hata wale ambao hawaonekani kuwa wagonjwa? Hali hiyo huitwa kudumaa. Mtoto aliyedumaa katika miaka miwili ya kwanza kwa kawaida hafidii kimo chote alichopoteza, na mara nyingi masomo yake pia huathirika.

Watoto zaidi ya 200 wa vijiji vya Haydom waliandikishwa tangu kuzaliwa. Wafanyakazi wa utafiti walifika nyumbani kwao mara mbili kila wiki kuuliza kama mtoto ameharisha, amekohoa au ana homa. Kila mwezi mtoto alipimwa uzito na urefu, na choo chake kikachukuliwa ili kutafuta vijidudu. Sasa hesabu mwenyewe: watoto 200 wakipimwa urefu kila mwezi kwa miezi 24, ni vipimo 4,800, kabla hujagusa uzito, choo, chakula na siku za kuharisha. Hapa mwanabiolojia asiyejua kuiamuru kompyuta amekwama.

Hebu tuone namna urefu unavyopimwa maana yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vipya vya ukuaji mwaka 2006. Kwa viwango hivyo, mtoto wa kike wa miezi 24, akipimwa amelala, ana urefu wa katikati wa sentimita 86.4, na kipimo cha mtawanyiko ni sentimita 3.2 hivi. Maana ya mtawanyiko ni kwamba watoto wenye afya nao hawalingani. Wengine huwa warefu kidogo, wengine wafupi kidogo, na watoto wengi huwa ndani ya sentimita 3.2 kutoka katikati. Ili kujua mtoto yuko wapi, tunatoa urefu wa katikati katika urefu wake, kisha tunagawanya kwa mtawanyiko. Jibu likiwa chini ya -2, mtoto huyo huhesabiwa kuwa amedumaa.

Tuseme mtoto wa kike wa umri huo ana sentimita 78.0. Toa 86.4, utabaki na -8.4. Gawanya kwa 3.2, utapata -2.6. Mtoto amedumaa. Hesabu moja ni rahisi. 4,800 ni mzigo. Kwa hiyo tunaiandikia kompyuta amri, kwa lugha iitwayo Python:

urefu = [78.0, 83.1, 86.0, 79.4]
for u in urefu:
    alama = (u - 86.4) / 3.2
    if alama < -2:
        print(u, "amedumaa")
    else:
        print(u, "hajadumaa")

Tuufasiri kila mstari. Mstari wa kwanza unatengeneza orodha ya vipimo vinne na kuipa jina, urefu. Jina ni letu. Tungaliweza kuiita vipimo au watoto. Mstari wa pili unasema: chukua vipimo katika orodha kimoja kimoja, na kila kimoja kiite u. Wa tatu ni hesabu tuliyoifanya sasa hivi. Wa nne unauliza: Je, alama ni ndogo kuliko -2? Kama ndivyo, mstari wa tano unatoa jibu katika kioo kwamba mtoto amedumaa. Kama sivyo, mistari miwili ya mwisho inasema hajadumaa. Angalieni kwamba mistari mingine imesogezwa ndani. Msidhani ni pambo. Kusogeza huko ndiko kunakoiambia kompyuta kwamba amri hizi zimo ndani ya ile ya juu yake, kama vile kaya zilivyo ndani ya kitongoji, na kitongoji ndani ya kijiji.

Kompyuta itajibu kwamba mtoto wa 78.0 na wa 79.4 wamedumaa, na wawili waliobaki hawajadumaa. Badala ya vipimo vinne weka elfu nne. Programu ni ileile. Kwa kazi ya kweli, kila umri una kiwango chake, na wavulana wana chao. Basi programu husoma jedwali la viwango kwanza. Tena nawaonya: programu hii ni ya kujifunzia. Mtoto wa mtu hupimwa na kuamuliwa hali yake kliniki, na wenye kazi hiyo.

Je, utafiti ule ulipata nini? Vipimo vya choo vilionyesha kwamba watoto wengi walikuwa na vijidudu tumboni bila hata kuharisha. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vijidudu kama Shigella, Campylobacter na Giardia viliambatana na upungufu wa kimo hata kwa mtoto asiyeonekana mgonjwa. Jambo hilo halikuonekana kwa macho ya mama wala ya mganga. Lilionekana baada ya maelfu ya vipimo kuwekwa pamoja na kulinganishwa.

Wataalamu hawakuishia hapo. Kama vijidudu ndivyo vinavyozuia kimo, basi dawa ya kuviua ingesaidia. Utafiti mwingine ukafanywa Haydom kuanzia mwaka 2017, ukiongozwa na Dk. Estomih Mduma wa Haydom pamoja na Mark DeBoer wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Watoto 1,188 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa dawa za vijidudu, wengine vitamini ya nikotinamidi, wengine vyote, na wengine dawa isiyo na kitu ndani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: watoto waliopewa dawa hawakukua zaidi ya wenzao walipofika miezi 18. Mwanafunzi mmoja aliposikia hayo aliniuliza kama kazi yote hiyo ilikuwa bure. La, haikuwa bure. Bila jaribio lile tungaliweza kuwapa watoto wa nchi nzima dawa zisizowafaidi, huku tukivizoesha vijidudu kuzistahimili. Sayansi iliyo nyofu hukubali jibu isilolipenda.

Mfano wa Yaeda

Huko Bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi wanakaa ndugu zetu Wahadzabe, ambao baadhi yao bado hupata chakula kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kulina asali. Mwaka 2017 jarida la Science lilitoa matokeo ya kuchunguza sampuli 350 za choo chao, zilizokusanywa kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Iligunduliwa kwamba jamii ya bakteria tumboni mwao hubadilika kwa majira: aina kadhaa hupungua sana wakati wa masika, wakati wa asali na matunda madogo, kisha hurudi wakati wa kiangazi, wakati wa nyama. Kumbe hata tumbo la mtu lina masika na kiangazi chake!

Bakteria hao hawakuhesabiwa kwa darubini. Walitambuliwa kwa kusoma vinasaba vyao. Mwanafunzi wa Biolojia ajua kwamba kinasaba ni kama andiko refu lenye herufi nne tu: A, C, G na T. Mashine husoma herufi hizo na kutoa maelfu ya mafungu kwa kila sampuli. Ndipo programu hulinganisha kila fungu na orodha ya bakteria wanaojulikana. Andiko la mwanadamu lina herufi zipatazo bilioni 3. Anayetaka kulisoma kwa kidole, azeeke kwanza.

Tuchukue fungu fupi mnalolifahamu kwa maana, ingawa hamjaliona kwa herufi. Ni mwanzo wa maagizo ya kutengeneza sehemu moja ya himoglobini ya damu. Andiko la kwanza ni la kawaida. La pili ni la ugonjwa wa selimundu, ambao huzaliwa nao watoto wengi wa Tanzania kila mwaka:

a = "ATGGTGCATCTGACTCCTGAGGAGAAGTCT"
b = "ATGGTGCATCTGACTCCTGTGGAGAAGTCT"
for i in range(len(a)):
    if a[i] != b[i]:
        print(i + 1, a[i], b[i])

Amri ya tatu inasema: pita katika andiko tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Ya nne inauliza kama herufi ya andiko a si sawa na ile ya andiko b mahali palepale. Tumeongeza 1 katika mstari wa mwisho kwa sababu Python huanza kuhesabu kwa sifuri, nasi huanza kwa moja. Kompyuta itajibu: 20 A T. Maana yake, herufi ya 20 ilikuwa A, imegeuka kuwa T. Herufi moja! Kwa ajili ya hiyo moja, protini hubadilika, chembe nyekundu hujikunja kama mundu, na mtoto aliyeirithi kwa baba na kwa mama hupata maumivu makali. Watafuteni kwa macho kwanza, mwone mnatumia dakika ngapi.

Na Hanang je?

Wenzetu wa Basotu na Katesh wasifikiri wamesahauliwa. Ngano ya Hanang ina adui aitwaye kutu ya shina, ukungu ambao mbegu zake huchukuliwa na upepo kutoka nchi hadi nchi. Aina moja kali iligunduliwa Uganda mwaka 1998, nayo ilienea katika Afrika Mashariki na kuvuka mpaka Yemen na Iran. Mtaalamu akiona kutu katika shina, macho hayamwambii kama ni aina ile au nyingine. Hana budi kuijaribu kwa ngano za namna mbalimbali au kulinganisha vinasaba kama tulivyofanya hapo juu. Mkulima anayesubiri jibu ana siku chache tu za kuamua kupiga dawa au kuacha.

Namna ya kuanza

Mimi mwenyewe nilimaliza chuo bila kuandika mstari mmoja wa programu. Nilianza nikiwa kazini, usiku, kwa kompyuta ya mkononi ya zamani, nikiisoma Python nusu saa kila siku. Kwa uzoefu wangu nawapa mashauri manne.

Kwanza, anza na swali la Biolojia unalolitaka jibu lake. Anayejifunza amri tupu huchoka upesi. Anayetaka kujua kama samadi imefaa, hachoki.

Pili, chagua lugha moja ukae nayo. Python ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi. Lugha nyingine inayopendwa na wanabiolojia ni R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, kwa ajili ya takwimu. Zote mbili ni za bure. Ukiijua moja vizuri, ya pili haitakusumbua.

Tatu, andika vipimo vyako kwa usafi: mstari mmoja kwa mche mmoja au mtoto mmoja, safu moja kwa kipimo kimoja, wala usichanganye sentimita na inchi. Mavuno mabovu hayatengenezwi na ghala zuri.

Nne, linda siri za watu. Vipimo vya mwanadamu huandikwa kwa namba badala ya jina, tena kwa ruhusa yake, au ya mzazi wake kama ni mtoto.

Wakubwa wenu wameanza njia hii. Mwaka 2012 ulianzishwa mtandao wa H3ABioNet, wenye makao katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa ajili ya kuwafundisha Waafrika uchambuzi wa vinasaba. Tangu mwaka 2016 ulitoa kozi ya bure kwa madarasa ya nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja, mwalimu akionekana kwa video na wasaidizi wakiwa darasani pamoja na wanafunzi.

Neno kwa wazazi

Wazazi wapendwa, akina mama wa Haydom walifungua milango yao mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili, na Wahadzabe walikubali kutoa sampuli zao. Habari hizo zimetoka katika nyumba zetu. Sehemu kubwa ya kuzichambua imefanywa katika vyuo vya mbali, na wageni hao wamefanya kazi njema. Lakini anayelijua bonde, anayejua mwezi ambao ghala huwa tupu na mwezi ambao kisima hukauka, huuliza maswali ambayo mgeni hayafikirii. Tunawahitaji watoto wenu waulize maswali hayo na waweze kuyatafutia majibu wenyewe. Basi mtoto, wa kike au wa kiume, akiomba simu yako kwa nusu saa ili ajaribu zoezi la somo hili, mpe, na umwambie akueleze alichokifanya. Asipoweza kueleza, hajafanya.

Mazoezi

1. Badili programu ya kwanza iwe ya watoto wa kiume wa miezi 24. Urefu wa katikati ni 87.8 na mtawanyiko ni 3.05. Jaribu kwa mtoto mwenye sentimita 81.0, kisha hakikisha kwa hesabu ya mkono.

2. Katika andiko a, tafuta idadi ya herufi G kwa amri hii: print(a.count("G")). Fanya hivyo kwa A, C na T. Jumla yake iwe ngapi? Kwa nini?

3. Geuza herufi moja yoyote katika andiko b, kisha endesha programu ya pili tena. Eleza jibu jipya.

4. Kwa Kiswahili tu, bila kompyuta, andika hatua kwa hatua amri za kutafuta mche mrefu kuliko yote kati ya miche 240. Mpe mwenzako azifuate bila kumwongezea neno. Akikwama, rekebisha amri, usimlaumu mwenzako.

Majibu yaletwe kwangu katika maabara ya Biolojia kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Wasio na kompyuta waandike katika daftari. Nitaziendesha programu zao mbele ya darasa siku za Ijumaa, baada ya vipindi.